Barua kwa mwanangu: jukwaa la Kamirithu

Mwanangu,

Umeniuliza kama hicho kikundi chenu cha vijana kianze kufufua maigizo hapa Limuru kwa ile Ngaahika Ndeenda ya 1977, ule mchezo wa Kikuyu wa "Nitaolewa Nikipenda", au muandike mchezo mpya. Mimi nakuuliza kwanza, nani atachimba mashimo ya nguzo? Maana jukwaa ni la waliolijenga.

Lile la Kamirithu, kijiji cha hapa hapa Limuru mchezo huo ulikochezwa, halikuletwa na mfadhili. Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandika, sawa, lakini wachuma chai na watu wa kiwanda cha viatu ndio waliojenga, ndio wakaigiza, na mazoezi yalikuwa peupe kila mtu anaona. Shosho yako unamjua, hakuwa mtu wa kunyamaza. Siku moja jamaa anayeigiza Kiguunda, yule kibarua maskini wa kwenye mchezo, anamkaribisha tajiri nyumbani huku yeye ameketi tu, shosho akainuka katikati ya watu, "Tajiri akiingia kwako unapangusa kiti kwanza!" Akapanda mwenyewe, akakipangusa kwa leso, akakigeuza ule ufa usionekane, na kuanzia hapo ikaigizwa hivyo. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Mchezo ukaanza Oktoba, kufika Novemba serikali ishachukua leseni, 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kesi. Bado watu hawakukata tamaa, 1982 wakaja na mchezo mwingine, Maitu Njugira, wakafungiwa ukumbi wa kitaifa wa maigizo pale Nairobi, na Machi hiyo polisi wakabomoa jukwaa lote. Hiyo hainitoki moyoni. Mbao zilimkosea nani?

2022 Ngaahika Ndeenda ikarudi, tena kwenye ukumbi huo huo wa kitaifa, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Nilifurahi, wallahi nilifurahi! Halafu nikaanza kujiuliza, tikiti, nauli mpaka Nairobi, huyu mama anayechuma chai ataonea wapi? Lakini bila Nairobi nyinyi watoto mngejulia wapi? Hata hivyo... hapana, bado nasema jukwaa ni la waliolijenga.

Sasa mchezo wa zamani au mpya, nina langu na ulimi unaniwasha, ila sisemi, maana nikisema mtafuata mimi. Fanyeni mazoezi nje, mahali watu wanapita, na wakiwakatiza waacheni. Na huyo binti wa dada yako mwenye sauti, mchukueni.

Mamako