Ukienda kutazama wayang, uliza kwanza nani kalipa

Tangu nirudi kutoka Yogyakarta, nilikokwenda kwa Darmasiswa, ile skolashipu ya serikali ya Indonesia kwa wageni wanaotaka kusoma lugha na sanaa za kwao, watu hawaachi kuniandikia. Wengi wanajiandaa kwenda na swali lao ni lilelile: wapi nitaona wayang ya asili, isiyochanganywa na siasa wala mambo ya kisasa? Jibu langu huwaudhi kidogo. Hiyo haipo, na ukiitafuta sana utapitwa na iliyopo.

Kwa asiyejua, wayang kulit ni mchezo wa vikaragosi vya ngozi ya nyati. Fanani mmoja, dalang, huketi mbele ya pazia jeupe, taa ikining'inia juu ya kichwa chake, akawasemea wahusika wote kuanzia mnamo saa tatu usiku hadi alfajiri. Mwaka 2003 UNESCO iliutambua kuwa ni urithi wa binadamu wote. Hayo utayasoma popote.

Usichokisoma ni hiki: kijijini hakuna tiketi, kuna mwenye shughuli. Anaweza kuwa baba anayeozesha binti, kijiji kinachofanya tambiko lake la mwaka, chuo kikuu kinachosherehekea, jeshi la polisi, au mgombea. Yeye ndiye mlipaji, mara nyingi huagiza na hadithi, na dalang huipinda hadithi hiyo hadi imfae. Kwa hiyo ukifika, kabla hujatafuta pa kukaa, nunua karanga za kuchemsha na umuulize muuzaji nani kalipa. Wauza karanga wanajua kila kitu.

Halafu kaa upande wa dalang. Wageni hukazania upande wa vivuli kwa sababu vitabu vimewaambia ni mchezo wa vivuli, ilhali wenyeji wengi siku hizi hukaa kwenye kazi yenyewe. Mtazame mkono wa kushoto: ameshika kinyundo cha mbao anachogongea sanduku la vikaragosi. Mguu wa kulia nao unapiga vibamba vya chuma vilivyotundikwa hapohapo. Kwa milio hiyo anawaambia wapigaji wa gamelan, lile kundi la upatu na ngoma za Kijava, wakaze, walegeze au wanyamaze, bila kugeuka hata mara moja. Mbele yake limelazwa shina la mgomba, vikaragosi vimechomekwa humo safu mbili, kulia na kushoto, vikubwa pembeni kabisa na vidogo vikija katikati. Shina likiwa bichi huvishika barabara.

Saa za mwanzo ni nzito. Wafalme wanasalimiana, wanaulizana hali ya nchi, kwa Kijava cha heshima ambacho hata vijana wa pale kinawapiga chenga. Sinzia. Hakuna atakayekununia, watoto wao wenyewe wamelala mikekani. Ila usiku wa manane amka, maana ndipo wanapoingia Semar na wanawe, Gareng, Petruk na Bagong. Hawamo kwenye Mahabharata, utenzi wa Wahindi zinakotoka hadithi nyingi za wayang, Wajava wamewaongeza wenyewe. Ni watumishi na wachekeshaji, lakini Semar ni mungu aliyejishusha, kwa hiyo anaweza kumkemea mfalme asifanywe kitu.

Na hapo ndipo pesa za mlipaji zinapozungumzwa. Niliwahi kuhudhuria usiku uliogharimiwa na mgombea wa uongozi wa wilaya. Amekaa kiti cha mbele, shati la batiki, wapambe pembeni. Petruk akamshukuru kwa gamelan, akamshukuru kwa wali, kisha akauliza kama na ile barabara ya kuingilia kijijini, iliyotutoa sote jasho, imeshalipiwa au bado iko kwenye hotuba. Watu walicheka hadi wakashikana. Mgombea alicheka kuliko wote, ndiyo adabu ya pale. Dakika haikupita, Petruk yuleyule akaanza kummwagia sifa, kwani biashara ni biashara. Wanaotafuta sanaa safi walikuwa wameondoka kwenda kunywa tangawizi.

Siasa hii haikuingia jana. Mwaka 1947, vita na Waholanzi vikiendelea, ilibuniwa wayang suluh, yenye vikaragosi vya askari na raia wa kawaida, ili wanavijiji waelezwe jamhuri ni kitu gani. Enzi ya Rais Suharto serikali iliwatumia madalang kuhubiri maendeleo na uzazi wa mpango, watoto wawili wanatosha. Kukataa hakukuwa rahisi. Lekra, jumuiya ya wasanii wa mrengo wa kushoto iliyoanzishwa mwaka 1950, ilipigwa marufuku baada ya machafuko ya 1965. Wasanii waliuawa, wengine walifungwa miaka bila kesi. Mchoraji Hendra Gunawan alitoka jela mwaka 1978, na humo ndani alikuwa akichora. Ukimuuliza fanani mzee habari za miaka hiyo akabadilisha mazungumzo, mwache abadilishe.

Kuhusu upya, sina subira na wanaolalamika kwamba vijana wanaharibu. Sigit Sukasman, msanii wa Yogyakarta, alivipima upya viungo vya vikaragosi, akaleta taa za rangi, akaiita wayang ukur. Msanii Heri Dono alijifunza kwake, ndiyo maana kazi zake zinazozunguka majumba ya sanaa duniani bado zina mkono wa wayang. Dalang Enthus Susmono alichonga hadi George Bush na Saddam Hussein, mwaka 2014 akawa mkuu wa wilaya ya Tegal kwa kura, na akafariki 2018 akiwa kwenye kampeni ya muhula wa pili. Hapo dalang na mgombea ni mtu mmoja, sijui Petruk angesema nini. Na kecak, ngoma ya Bali, wanaume wakikaa duara na kupiga "cak-cak-cak", ambayo watalii huambiwa ni ya kale? Kwa umbo hilo ni ya miaka ya 1930, na mchoraji Mjerumani Walter Spies alikuwa na mkono wake humo.

Swali la mlipaji linafaa hata kwenye sanaa za kuchora. Taring Padi, kundi la wasanii wa Yogyakarta, walianza mwishoni mwa 1998, Suharto keshaanguka, wakichonga mbao na kuchapa mabango, wakikata vikaragosi vya maboksi vya kubeba kwenye maandamano. Mwaka 2022 walialikwa documenta, Kassel, maonyesho yanayobebwa na fedha za umma za Ujerumani. Bango lao kubwa la 2002, lililochorwa dhidi ya utawala wa Suharto, lilikuwa na sura za kuwadhalilisha Wayahudi. Lilifunikwa, likashushwa ndani ya siku chache, nao wakaomba radhi. Kwangu, Wajerumani walikuwa na haki ya kukasirika. Kinachoniuma ni kwamba mamia ya kazi nyingine walizopeleka karibu hazikuzungumzwa.

Ya mwisho ni ya safari. Beba koti, usiku wa vilimani ni baridi. Kiindonesia hakitoshi, kwa hiyo jipatie mwanafunzi wa pedalangan, yaani fani ya udalang, akae nawe, mlipie chakula, atakunong'oneza vichekesho. Kama huna muda wa kukesha, makumbusho ya Sonobudoyo huwa na onyesho fupi la jioni, na hilo lina tiketi. Na kabla hujapanda ndege, fungua YouTube umtafute dalang Ki Seno Nugroho, aliyefariki Novemba 2020 akiwa na miaka 48. Wakati wa korona alirusha michezo moja kwa moja na kikundi kidogo, watazamaji wakimtumia pesa. Angalia anavyomchezesha Bagong.