Maswali ya Wasomaji: Ruleti Inalipaje?

Swali: Nafanya kazi hotelini hapa Malindi, na wageni wa Kiitaliano huniomba niwasindikize kasino. Naona mtu anaweka chipu juu ya mstari, si ndani ya namba. Anachezea nini, na hulipwa kiasi gani? *Msomaji, Maweni*

Jibu: Katika ruleti gololi huzungushwa kwenye gurudumu lenye vishimo vya namba, na mchezaji hukisia itakapotua kwa kuweka chipu, yaani kidude kinachosimama badala ya pesa, juu ya namba zilizochorwa mezani. Chipu moja yaweza kubeba namba kadhaa, kulingana na ilipokaa. Katikati ya kisanduku ni namba moja tu, nayo hulipa 35 kwa 1. Juu ya mstari unaotenga namba mbili inabeba zote mbili, 17 kwa 1. Pembe nne zinapokutana ni namba nne, 8 kwa 1. Ukingoni mwa safu fupi ni namba tatu, 11 kwa 1. Ukingoni hapo hapo, lakini baina ya safu mbili, ni namba sita, 5 kwa 1. Dazeni au safu ndefu, namba 12, ni 2 kwa 1. Nyekundu au nyeusi, shufwa au witiri, 1–18 au 19–36: 1 kwa 1.

Waliozoea mkeka wa mpira huteleza hapa. Odi za mpira zimeshahesabu na dau lako. Za ruleti bado. 1 kwa 1 ni sawa na odi 2.00, na 35 kwa 1 ni 36.00. Tena, chipu ikiteleza kidogo kutoka mstarini, dau limebadilika. Mgeni aliye mbali na meza amwombe mchezeshaji amwekee, na ahakikishe ilipokaa kabla madau hayajafungwa.

Sasa kiini chenyewe. Malipo yote yamepigwa kana kwamba gurudumu lina vishimo 36, ilhali vipo 37, kwa sababu ya sifuri ya kijani. Chukua shilingi 100 kila mzunguko, na kila kishimo kitoke mara moja: umetoa 3,700. Ukichezea namba moja unapokea 3,600, dau lako likiwemo. Ukichezea nyekundu, mara 18 kwa 200, ni 3,600 vilevile. Dazeni, mara 12 kwa 300, haibadiliki. Kasino inabaki na asilimia 2.7, uweke chipu popote. Nafuu ipo kwenye meza chache zinazorudisha nusu ya dau la 1 kwa 1 sifuri ikitoka. Hapo hushuka hadi 1.35.

Swali: Kijana wangu anacheza ruleti kwa simu. Huanza na shilingi 50 kwenye nyekundu. Akiliwa, anaongeza maradufu hadi ale. Asema njia hii haishindwi. Ni kweli? *Mama, Langoni, Lamu*

Jibu: Si kweli, mama, na tunaelewa wasiwasi wako, kwa kuwa njia hii hudanganya kwa kulipa kidogo kidogo kwanza. Fuata dau linavyopanda: 50, 100, 200, 400, 800, 1,600, 3,200. Akiliwa mara saba mfululizo, zimekwenda 6,350, na dau la nane ni 6,400. Huko pesa huwa zimeisha, au amegonga ukomo wa dau. Na yote hayo ni kutafuta faida ya 50!

Kuliwa mara saba hutokea kama mara moja katika kila misururu 106. Misururu 105 inampa 5,250. Mmoja unachukua 6,350. Atakwambia nyeusi imetoka mara sita, sasa ni zamu ya nyekundu. Gololi haikumbuki ilikotua: nyekundu ina nafasi 18 kati ya 37 kila mara.

Usibishane naye kwa maneno. Mwambie atoe taarifa yake ya M-Pesa, mkae pamoja mjumlishe alizotuma na alizopokea. Na kama hajatimiza miaka 18, sheria haimruhusu kucheza kabisa.

Swali: Simuni naona gurudumu lenye 0 na 00. Lina tofauti? *Msomaji, Malindi*

Jibu: Kubwa. Vishimo ni 38 na malipo ni yale yale, kwa hiyo wanabaki na asilimia 5.26, karibu mara mbili. Baya zaidi ni dau la namba tano, 0, 00, 1, 2 na 3: hulipa 6 kwa 1 na kumla mchezaji asilimia 7.89. Hakuna dau jingine la kawaida mezani hapo lililo ghali kama hilo.