Bosi Akikwambia "Viza Tutashughulikia", Muulize Ipi

Kazi yangu ni kufunga na kukarabati mitambo ya kufungashia bidhaa: inayojaza maji kwenye chupa, inayobandika lebo, inayoziba katoni. Mteja akiwa Mbagala, napanda gari naenda. Akiwa Kampala au Johannesburg, ofisi inakata tiketi, napewa posho na kuambiwa, "Viza tutashughulikia sisi." Nimekaa kwenye kazi hii vya kutosha kujua kwamba anayesema hivyo mara nyingi anajua zaidi bei ya tiketi kuliko sheria ya nchi ninayokwenda. Yeye anatafuta karatasi inayotoka haraka. Mimi ndiye nitakayesimama mbele ya dirisha la uhamiaji nikiulizwa maswali.

Kosa la kwanza ninaloliona kwa vijana wanaoanza safari za kikazi ni kuhesabu siku. "Naenda siku nne tu, kuna haja gani ya kibali?" Nchi nyingi zinaanza kwa kuuliza mikono yako itafanya nini, siku zinakuja baadaye. Kukaa kikaoni, kujadili mkataba, kutembelea maonesho, kukagua kiwanda cha mtu unayetaka kununua kwake: hayo kwa kawaida yanabebwa na viza ya biashara. Ukishika spana, ukaingia kwenye mfumo wa mteja na kuanza kuurekebisha, au ukaziba pengo la mfanyakazi wake aliye likizo, hapo unafanya kazi. Wapo wanaojitetea kwamba mshahara wao unalipwa nyumbani. Kuna nchi zinazoipa uzito hoja hiyo na kuna zisizoijali kabisa, kwa hiyo usiifanye ndiyo ngao yako pekee.

Na usidhani haya yanazikuta kampuni ndogo zisizo na wanasheria. Septemba 4, 2025, maafisa wa uhamiaji wa Marekani walivamia eneo la ujenzi wa kiwanda cha betri cha Hyundai na LG Energy Solution huko Ellabell, karibu na Savannah katika jimbo la Georgia. Walikamata watu 475, zaidi ya 300 kati yao raia wa Korea Kusini. Wengi wa hao Wakorea hawakuwa wamezamia; walikuwa mafundi na wahandisi waliotumwa na waajiri wao kwenda kufunga mitambo. Dunia nzima iliona picha za watu wazima wamefungwa minyororo mikononi, kiunoni na miguuni. Walikaa kizuizini kama wiki moja, kisha ndege ya kukodi ikawarudisha kwao Septemba 12. Baadhi walikuwa wameingia kwa utaratibu wa kutohitaji viza kwa siku 90, wengine kwa viza ya biashara aina ya B-1.

Mimi kama fundi nililifuatilia lile sakata kwa sababu moja. Taratibu za B-1 zinamruhusu fundi wa nje kufunga, kuhudumia au kukarabati mtambo, ila kwa masharti: mtambo uwe umenunuliwa kwa kampuni iliyo nje ya Marekani, mkataba wa mauzo uwe unamtaka muuzaji atoe huduma hiyo, fundi awe na ujuzi wa pekee unaohitajika, na asilipwe kutoka Marekani. Kazi ya ujenzi wenyewe haimo. Unaweza tu kuwasimamia au kuwafundisha wanaoifanya. Baada ya mazungumzo ya serikali hizo mbili, Marekani ilithibitisha kwamba B-1 inaweza kutumika hivyo. Maana yake, mafundi wawili wanaweza kushika spana ileile kwenye mtambo uleule, mmoja akawa halali na mwingine akawa mhalifu, kutokana na kipengele kilichoandikwa au kisichoandikwa kwenye mkataba wa mauzo. Ndiyo maana popote ninapotumwa huomba nakala ya ukurasa wa mkataba unaotaja ufungaji na matengenezo, nao unakaa pamoja na pasi. Watu wa mauzo hawapendi kuutoa, wanasema una siri za bei. Wafute bei kwa wino mweusi, wakupe.

Safari za jirani ndizo zinazotulaghai zaidi. Ukifika Namanga au Mutukula na pasi ya Tanzania unagongewa muhuri, hulipi viza, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kupewa hadi miezi sita. Basi mtu anaingia kiwandani kesho yake na ovaroli. Muhuri ule ni wa mgeni. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya hiyo, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, ina kanuni zake za wafanyakazi: ajira isiyozidi siku 90 inaombewa pasi maalumu (kibali cha muda mfupi, siyo pasipoti), na inayozidi hapo inaombewa kibali cha kazi. Sisi wenyewe tunapiga kelele tukimkuta fundi wa kigeni anafanya kazi hapa kwa viza ya matembezi, na tuna sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni inayomtaka apate kibali kutoka kwa Kamishna wa Kazi. Kwa nini wenzetu wasitutendee hivyohivyo?

Mwenzetu mmoja, fundi wa umeme, alipelekwa nchi ambayo sitaitaja akiwa na barua inayosema anakwenda mkutanoni. Afisa pale uwanjani akaisoma barua, akamtazama, akaomba begi la pili lifunguliwe. Ndani mlikuwa na seti ya spana, mita ya umeme, glavu zenye grisi, ovaroli yenye nembo ya kampuni mgongoni na sensa mbili mpya za mtambo kwenye boksi zake. "Kaka, mkutano wenyewe ni wa spana?" Alilala kwenye kiti mpaka ndege ya kurudi. Baadaye ofisi ikatuma fundi mwingine, safari hii kwa kibali, na mteja akahudumiwa. Hasara ya kampuni ikawa tiketi. Yeye amebaki na rekodi ya kukataliwa kuingia, na fomu ya viza ya Uingereza, kwa mfano, inauliza kama umewahi kukataliwa mpakani au kutakiwa kuondoka katika nchi yoyote, siyo Uingereza pekee. Kila akiomba viza atalijibu swali hilo peke yake. Aliyemwandikia ile barua ameshahamia kampuni nyingine.

Ulaya nako kuna mitego yake, ingawa mingi ni ya makaratasi. Viza ya Schengen, ile moja inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ulizokwenda kumsalimia dada yako Sweden zinahesabiwa pamoja na za kazi. Tangu Oktoba 12, 2025 wameanza mfumo wa kielektroniki unaochukua picha ya uso na alama za vidole, kwa hiyo usitegemee muhuri uliofifia. Ada ya viza ni euro 90, bima iwe na thamani ya angalau euro 30,000, na maombi yapelekwe si zaidi ya miezi sita wala chini ya siku 15 kabla ya safari. Siku 15 za kalenda ndizo muda wa kawaida wa kupata jibu, na inaweza kuchukua zaidi, kwa hiyo bosi anayekwambia Jumatatu kwamba mafunzo Ujerumani yanaanza Alhamisi ijayo anajifurahisha. Jambo ambalo wengi hawalijui: viza hiyo yenyewe haikupi ruhusa ya kufanya kazi. Kila nchi ina sheria yake kuhusu kazi za muda mfupi, na lililoruhusiwa Uholanzi linaweza kukatazwa Ufaransa. Kwa mafunzo na vikao mara nyingi hakuna shida. Kwa kufunga mtambo, uliza ubalozi wa nchi husika kwa maandishi.

Afrika Kusini Mtanzania anaingia bila viza kwa siku 90, lakini ni kwa matembezi na biashara. Ukitaka kufanya kazi ya muda mfupi, sheria yao ya uhamiaji, kifungu cha 11(2), ina viza ya mgeni yenye ruhusa ya kazi, nayo inaombwa kabla ya kuondoka. Na kule usicheze na kupitiliza muda: chini ya siku 30 unafungiwa miezi 12, zaidi ya hapo miaka mitano.

Kwa wanaokwenda Ghuba nitasema kwa kifupi. "Nenda na viza ya matembezi, utabadilishiwa hukohuko" ni maneno ya mtu asiyekuwa na kibali chako mkononi. Umoja wa Falme za Kiarabu mwaka 2024 ulipandisha faini ya mwajiri anayetumia wafanyakazi bila kibali hadi kati ya dirhamu 100,000 na milioni moja. Mwajiri mwenye nia njema haingii kwenye hatari hiyo kwa ajili yako.

Tukija kwenye barua ya mwaliko, ile anayoiandika mteja, hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi. Barua nzuri inataja mtambo kwa jina na modeli, namba ya mkataba, mahali, tarehe, kazi zenyewe, anayelipa mshahara na anayelipa hoteli. Barua ya mwajiri wako na ya mteja lazima ziseme kitu kimoja. Ya kwako ikisema "ukarabati" na ya mteja ikasema "ziara ya kibiashara", afisa hatajisumbua kuzipatanisha. Isome kabla haijakwenda ubalozini, kwa sababu fomu ya maombi ina sahihi yako, na ukisaini uongo ulioandikwa na mtu wa utumishi, uongo umeshakuwa wako.

Je, wakikwambia "sema tu unakwenda mkutano"? Usigombane. Omba wakutumie maelekezo hayo kwa barua pepe. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo, na kibali ambacho hakikuwezekana kinaanza kuwezekana.

Mimi hutuma ujumbe huu mara tu ninapoambiwa kuna safari. Nakili, badilisha unavyotaka:

"Habari za kazi. Kabla sijakabidhi pasi, naomba kujua aina ya viza au kibali ninachoombewa, na ni nani amethibitisha kwamba kinaruhusu kufunga na kujaribu mtambo. Nimeambatanisha orodha ya kazi nitakazofanya huko, siku kwa siku. Naomba pia nakala ya barua ya mteja kabla haijapelekwa ubalozini, na ukurasa wa mkataba unaohusu ufungaji. Tiketi tuikate viza ikishatoka. Ahsante."