Nyumba ya pili Kisumu: Riat, Mamboleo au Ahero?

Mwalimu, umeeleza kwamba mtaendelea kuishi Nakuru, ila mnataka nyumba nyingine karibu na binti yenu aliye Mamboleo, na kwamba mnapima kati ya Riat na Ahero, ambako mmepata ploti ya bei nafuu.

Kwa maoni yangu, Ahero iondoeni kwenye hesabu. Uwanda wa mto Nyando hufurika mvua ya masika inapozidi, na nyumba ambayo wenyewe hawapo kwa miezi kadhaa haina wa kuinua godoro maji yanapoingia. Riat iko juu na ina upepo mzuri, lakini mlima wake ni mkali, kwa hivyo upandeni kwa miguu, nyote wawili, kabla ya kulipa hata shilingi moja. Mimi ningeanza kutafuta Mamboleo kwenyewe, hata nyumba iwe ndogo, kwa sababu mjukuu anayeweza kuja kwa miguu baada ya shule atakuja mara nyingi kuliko yule anayesubiri kuletwa kwa gari.

Kisumu, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,130 hivi, ina joto na malaria kuliko Nakuru, kwa hivyo kapangeni kwanza nyumba ya kukodi kwa miezi mitatu, Aprili ikiwemo, muone kama miili yenu inaikubali. Mkiridhika, fanyeni upekuzi wa hatimiliki katika ofisi ya ardhi, na kama ploti imesajiliwa kuwa ya kilimo, msikamilishe malipo kabla ya kupata idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi.