"Ongeza maji" si "ongeza maji hadi"

Nikiwa kidato cha nne hapa Mwanza, mtihani wa utamilifu (mock) wa kemia ulileta swali nililodhani nalijua: mililita 25 za asidi ya moli 2 kwa lita (moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali) zimezimuliwa, yaani zimepunguzwa makali kwa maji, hadi mililita 100, tafuta ukolezi mpya, yaani moli ngapi zimo katika kila lita. Nikajumlisha 25 na 100, nikapata 125, nikaandika 0.4. Jibu lilikuwa 0.5. Hesabu yangu haikuwa na kosa. Nilijibu swali ambalo halikuulizwa, na liliniuma sana.

Sasa nafundisha tuisheni Igoma, na kosa hilohilo nalikuta madaftarini. Swali huja kwa Kiingereza, na tofauti yote imebebwa na neno dogo ambalo jicho hulipita. Ndiyo maana nawaomba wanafunzi waliseme swali kwa Kiswahili kabla ya kushika kikokotoo. "Ongeza maji mililita 100" ni maji yanayoingia. "Ongeza maji hadi mililita 100" ni alama kwenye chupa.

Kuna maswali yenye utata kweli. "Gramu 10 za sodiamu haidroksaidi zimeyeyushwa katika mililita 250 za maji." Ukolezi hupatikana kwa kugawa kwa ujazo wa mmumunyo (maji pamoja na kilichoyeyuka ndani yake), si wa maji peke yake, na huo hatukupewa. Fikiria anayetia samaki chumvi kule mwaloni Kirumba, ameambiwa kilo moja kwa ndoo ya lita 10. Akijaza maji hadi ukingoni kwanza, chumvi ikiingia yatamwagika. Akianza na chumvi kisha akajazia, yametimia lita 10 za mmumunyo. Maelekezo ni yaleyale, ila ukolezi umetofautiana kidogo.

Kwa swali la namna hiyo, chukulia mmumunyo ni mililita 250, kwa kuwa ukiwa mwepesi hivyo ujazo haubadiliki sana, na uiandike dhana yako kwa sentensi moja kamili. Jibu ni moli 1 kwa lita, na msahihishaji anaona ulikotoka.

Asilimia nayo ina mtego. Dripu ya chumvi ya 0.9% ina gramu 9 katika lita ya mmumunyo, yaani uzito kwa ujazo. Lakini swali likikupa densiti (uzito wa kila mililita), mara nyingi limekudokezea kwamba asilimia ni ya uzito kwa uzito.

Halafu soma fomula mpaka mwisho. Sodiamu kaboneti kavu ni gramu 106 kwa moli. Fuwele zake zenye molekuli 10 za maji ni 286. Gramu 28.6 za fuwele hizo ni moli 0.1. Ukigawa kwa 106 unapata karibu 0.27.