"Wonder" si kushangaa kila mara: niliyojifunza kwenye boti

Ndugu yangu, umeuliza kama "wonder", "surprise" na "awe" zote ni kushangaa tu, na kwa nini mwalimu alikukata alama. Kamusi ndogo tulizosomea ndizo zilizotuponza: kila neno kaandikiwa "shangaa", basi. Mimi nilikuja kuyatofautisha majini, kwenye maporomoko ya Murchison Falls huku Uganda, miaka ile nikitembeza wageni kwa boti kutoka Paraa.

Siku moja bibi mmoja Mwingereza akaniambia kwa upole, "I wonder if we're too close to those hippos." Nikasikia "wonder", nikajua kafurahi. Nikamjibu "Yes, madam, very wonderful!" kisha nikamwambia nahodha tuwasogelee viboko zaidi. Kumbe mama wa watu anaomba turudi nyuma! Basi shika hili: "I wonder" likifuatwa na "if", "why" au "who" halina mshangao hata kidogo. Ni kujiuliza, na Waingereza hulitumia kuomba jambo bila kuamrisha, kama sisi tunavyosema "sijui kama ungeweza kunisogezea kiti". Nalo "no wonder" ndiyo kwanza linafuta ajabu yote: "kumbe ndiyo maana".

"Surprise" ni habari ya kutotarajia. Limetoka Kifaransa, kumnasa mtu hajajiandaa, na wanajeshi bado hulitumia kwa shambulio la kushtukiza. Kwa hiyo chunga. Mgeni mmoja alinitumia darubini kama zawadi, nami nikamwandikia "I was surprised by your kindness". Akanijibu, "Je, nilionekana bahili?" Alikuwa anatania, nadhani.

"Amaze" na "astonish" yana nguvu zaidi, la pili lina hata ngurumo ya radi kwenye mzizi wake wa Kilatini. Ukiyachanganya hayo mawili hakuna atakayekukamata.

Lenye utamu ni "awe". Panda mpaka juu ya maporomoko, Naili inapojibana kwenye mwanya usiofika mita 10 na kudondoka mita zipatazo 43, mwamba unatetemeka chini ya miguu. Hiyo huwezi kuiita "surprise", maana ulilipa kiingilio uyaone. Ni hofu iliyochanganyika na heshima. Zamani "awful" lilikuwa sifa ya kitu kama hicho. Leo maana yake ni kibaya mno, na sifa imebaki kwa "awesome". Mwenzangu hakulijua hilo, akatangazia boti nzima, "The falls are awful." Wageni wakatazamana.

Ila sisi wa huku tusiwacheke Waingereza kwa kugeuza neno hivyo. "Kitalo" la Kiganda si maana yake jambo la ajabu? Na ndilo hilo hilo tunalompa mfiwa kama pole.

Kama unataka kushangaa tu bila kuhesabiwa makosa, piga "banange!" ya Kiganda. Yule bibi wa viboko aliondoka nalo.