Usigawe bure hiyo programu, mkuu

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema programu yako ya kuandika madeni ya maduka imekamilika, una milioni mbili mkononi, na unataka maduka 200 ya Manzese na Tandale yaitumie bure miezi mitatu, halafu pesa inayobaki iende kwenye matangazo ya Instagram. Umeuliza pia usajili BRELA, kule wanakosajili biashara, na kama utafute mbia. Nashika hilo la bure, maana ndilo litakalokumaliza. Mimi nililifanya na nikalilipia.

Mwenye duka akipewa kitu bure hakatai. Anakuachia uweke kwenye simu, anakusifia, "wazo zuri sana mdogo wangu", na keshokutwa yuko na daftari lake la kaunta. Wewe unahesabu maduka 200, kumbe huna mteja hata mmoja. Kibaya zaidi, hatakuambia kilichomshinda, kwa sababu hajapoteza kitu. Aliyetoa 5,000 yake atakupigia saa tatu usiku kwamba deni la mama fulani halionekani, na hapo ndipo unajua cha kutengeneza. Halafu miezi mitatu ikiisha ukataje bei, anaona umemgeuka.

Waliokufundisha kwenye semina kwamba ukusanye watumiaji kwanza, pesa itafuata, wamekukosea sana, na bado wanawafundisha wengine. Ushauri huo ni wa kampuni yenye mwekezaji wa kubeba hasara miaka na miaka. Wewe kodi ya chumba inatoka kwenye hiyo hiyo milioni mbili. Hata DoorDash, kampuni ya Marekani ya kupeleka chakula, mwaka 2013 ilianza pale Palo Alto na ukurasa mmoja wa menyu za mikahawa na namba ya simu. Waanzilishi wenyewe walipokea oda na kupeleka chakula, na mteja alilipa tangu mwanzo.

Chukua maduka kumi, mtaa mmoja, uweze kuyazunguka kwa miguu. Nenda kati ya saa nne na saa sita asubuhi. Mapema zaidi mwenye duka kafuata mzigo, jioni foleni ya unga na mafuta haimpi nafasi. Hakikisha unaongea na mwenye duka, si kijana anayeuza, kwa sababu kijana hana ruhusa ya kutoa hata mia tano. Usimuulize kama angependa programu. Atasema ndiyo kwa adabu tu. Muulize mara ya mwisho mtu kumkimbia na deni ilikuwa lini, na ni shilingi ngapi. Akikosa la kukumbuka, shukuru uondoke. Akitaja 40,000 huku sura imebadilika, kaa.

Hapo hapo taja 5,000 kwa mwezi, ilipwe leo kwa lipa namba. "Nitakutafuta" ni hapana. "Lete kwanza tuone" nayo ni hapana.

Akilipa, usimwachie maelekezo uondoke. Omba daftari lake, uingize madeni yote ya zamani wewe mwenyewe, hata ikichukua saa mbili. Wengi wanaacha hapa: madeni ya nyuma yako kwenye karatasi, mapya yako kwenye simu, na hakuna mtu atakayetunza vitabu viwili. Angalia pia simu inabaki wapi. Kama mwenye duka anaondoka nayo na kijana ana kitochi, madeni ya mchana hayataandikwa, hivyo tengeneza njia ya kijana kuyatuma kwa meseji ya kawaida. Na programu ifanye kazi bando likiisha, kwa sababu litaisha.

Rudi siku ya tatu na ya saba, usome alichoandika. Hajaandika kitu? Mrudishie 5,000 yake na umuulize kwa nini.

Ukipata kumi waliolipa mwezi wa pili bila kukumbushwa, ndipo uniulize habari za Instagram.